Suruali ya Nailoni

Kila asubuhi Ciakuthii humwamsha mume wake mara tatu kabla hajaamka.

"Mzee wangu, amka. Shamba halitajilima lenyewe."

Mzee mwenyewe ana mwaka mmoja na miezi minne. Ana meno sita, na hayo sita huyatumia kuuma kila kitu, hata kidole cha mtu anayemlisha. Jina lake ni Kaimenyi. Ni jina la babu yake, marehemu mume wa Ciakuthii. Kwa Wameru, mvulana wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake. Ndiyo maana Ciakuthii humwita mjukuu wake "mzee wangu", na akimkemea humkemea kama mke anavyomkemea mume aliyechelewa kurudi nyumbani.

Ciakuthii si mwenyeji wa Mitunguu. Nyumbani kwake ni Kibirichia, kule juu kwenye viazi na ukungu. Huko asubuhi mtu akisema neno, pumzi yake huonekana. Mitunguu ni chini, kwenye joto na migomba. Alishuka huku miezi minane iliyopita, mkamwana wake Winfred aliporudi kazini. Winfred huosha na kupanga ndizi kwenye banda la sokoni. Mumewe, Murungi, ni dereva wa lori linalozipeleka ndizi Nairobi, na hulala nyumbani siku moja kwa wiki. Nani basi amlee mtoto?

"Mimi," alisema Ciakuthii kwa simu. Kesho yake alifika na gunia la viazi, redio yake ndogo na mkebe wa jeli ya kukamulia ng'ombe.

Alimlea mjukuu jinsi alivyowalea wanawe watano kwenye baridi. Alimfunga nepi mbili. Juu ya nepi akamvika suruali ya nailoni. Suruali hiyo aliishona mwenyewe kwa karatasi ya nailoni iliyokuja na godoro jipya, ili mtoto asimlowanishe akiwa mgongoni. Juu ya nailoni akamvika suruali ya sufu. Kisha alimbeba mgongoni na kumfunika kwa shali. Watu wa Mitunguu walipita wakiwa na mashati mepesi, wakamwona mtoto huyo akitoka jasho, wakanyamaza. Nani atamfundisha mwanamke wa miaka sitini na minane kulea mtoto?

Ijumaa moja jioni, Winfred alirudi kutoka bandani mapema. Jua lilikuwa bado juu. Aliweka maji kwenye karai ili amwogeshe Kaimenyi. Mtoto alipoguswa na maji alipiga yowe, akamshika mama yake shingoni kwa mikono miwili.

Winfred alimgeuza. Makalio yalikuwa mekundu. Kwenye mikunjo ya mapaja ngozi ilikuwa imechubuka, na vipele vidogo vilikuwa vimeanza kushuka kwenye mapaja.

"Mami! Hii ni nini?"

"Ni joto tu," alisema Ciakuthii. "Nimempaka dawa asubuhi."

"Dawa gani?"

"Dawa ya... ya watoto."

Ciakuthii aligeukia jiko na kukoroga uji ambao ulikuwa umeiva kitambo. Vipele alikuwa ameviona tangu Jumatatu. Kila siku alisema moyoni kuwa kesho vitaisha, na kila siku aliongeza jeli.

Winfred hakupiga kelele. Heri angepiga kelele. Alimpangusa mtoto polepole, akamvika, akamnyonyesha mpaka akatulia. Ndipo akasema kwa sauti ya upole.

"Mami, kuna mama pale sokoni analea watoto. Tuliongea. Ako na nafasi kuanzia tarehe moja. Nimefikiria nimpeleke Kaimenyi huko."

"Huko kwa nani? Kwa wageni?"

"Si wageni sana. Na wewe pia umechoka, Mami. Umetusaidia miezi minane. Unaweza kwenda nyumbani upumzike kidogo."

Kwenye chumba cha Ciakuthii kulikuwa na msumari ukutani. Hapo ndipo ulipoangikwa mfuko wa kijani wa nepi za Kaimenyi. Winfred aliingia, akauchukua mfuko huo, akaupeleka chumbani kwake.

Ciakuthii aliutazama msumari mtupu. Alifikiria nyumba yake ya Kibirichia. Ina vyumba vitatu, na mtu wa kuongea naye ni ng'ombe tu. Tangu mzee afe, alikuwa hajasikia mtu akilia au akicheka karibu naye mpaka alipokuja huku kulea. Apumzike? Apumzike na nini? Machozi yalimlenga, akajifanya ni moshi.

Kesho yake asubuhi, sauti ya mwanaume ilibisha langoni.

"Hodi hapa! Muga, juju!"

Muga ni salamu ya Kimeru, na juju ni nyanya. Sauti ilikuwa ya Mutegi, mhudumu wa afya ya jamii, jirani wa shamba la tatu. Ni mtu mrefu mwenye ndevu nyingi na koti la buluu la kazi. Yeye pia ni mkulima wa ndizi na baba wa watoto watatu. Huzunguka nyumba hadi nyumba akiuliza habari za wajawazito, watoto na wazee. Alikuwa amekuja hapa mara mbili mwezi huo, na mara zote mbili Ciakuthii alimwambia mtoto amelala. Mtoto hakuwa amelala. Ciakuthii hakutaka tu. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini mwanaume mwenye ndevu amfundishe kumpangusa mtoto? Hapana.

Leo Winfred alikuwa nyumbani. "Karibu, Mutegi," alisema haraka. "Kuja uone mtoto."

Mutegi aliomba maji na sabuni, akanawa mikono. Kisha akaketi chini kwenye mkeka, akaanza kumvua Kaimenyi. Alivua shali. Akavua suruali ya sufu. Akafika kwenye nailoni, akasimama.

"Hii nani ameshona?"

"Mimi," alisema Ciakuthii, kidevu juu.

"Ni kazi safi, juju. Mshono umenyooka kuliko wa fundi wa sokoni." Akaivua, akaigeuza. Ndani ilikuwa na matone ya maji kama kifuniko cha sufuria. "Lakini ona. Hapa ndani kunanyesha."

Alipofungua nepi, Kaimenyi alilia. Mutegi alitazama kwa makini bila kugusa palipochubuka. Alitazama kwenye mikunjo. Akaangalia vipele vilivyoshuka mapajani. Akagusa paji la uso.

"Homa hana. Usaha hakuna. Hiyo ni heri. Juju, nikuulize kitu cha shamba. Ukitaka ndizi mbichi iive haraka, unafanyaje?"

Ciakuthii alimtazama kwa shaka. Miezi minane alikuwa ameyaona hayo kila siku. "Naitia kwenye gunia. Naifunika vizuri ipate joto."

"Na ukiisahau humo?"

"Si inaoza."

Jogoo aliwika nyuma ya nyumba. Ciakuthii alimtazama mjukuu wake, kisha akaitazama ile nailoni.

"Mkojo na choo huchoma ngozi ya mtoto vikikaa," alisema Mutegi. "Ukiongeza joto na nailoni, hewa haiingii, ngozi inalainika na kuchubuka. Mwanzo huwa ni wekundu tu. Lakini hivi vipele vya kando, na huu wekundu ndani ya mikunjo, naona kama fangasi imeingia. Fangasi hupenda mahali penye giza, joto na unyevu. Sasa nisaidieni. Mnampaka nini?"

Winfred alisema, "Mimi namwekea poda jioni. Ile ya kunukia."

"Na mchana?"

Winfred alimgeukia Ciakuthii. Mutegi pia alimgeukia. Hata Kaimenyi aliacha kulia, akaweka kidole mdomoni, akamtazama.

Ciakuthii alijua kuwa akisema, atampoteza mtoto. Tarehe moja ilikuwa mbele yake kama mtu mlangoni. Angeweza kurudia lile neno la jana, dawa ya watoto, na mambo yaishe. Lakini mzee wake mdogo alikuwa anaumia, na yeye ndiye aliyekuwa akimpaka.

Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na mkebe. Akauweka mkekani.

"Mficha uchi hazai," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jana nilikudanganya, Winfred. Si dawa ya watoto. Ni jeli ya kukamulia ng'ombe. Kwetu tunapaka mikono ikipasuka. Nampaka kila asubuhi. Nilipoona vipele nikaongeza. Vikazidi, nikaongeza tena. Hata uso wangu kwa kioo ulinionea aibu."

Mutegi aliusoma mkebe nyuma na mbele.

"Juju, hukukusudia ubaya. Hii imetengenezewa chuchu za ng'ombe. Ina dawa kali na manukato. Kwenye ngozi iliyochubuka inachoma. Tena vidole vikitoka kwa ng'ombe vikaingia kwa mkebe, uchafu unabaki humo."

"Basi ni mimi," alisema Ciakuthii. "Ni mimi nimemharibu."

"Ngoja, msiharakishe kugawa makosa," alisema Mutegi, akatabasamu ndani ya ndevu. "Mama Kaimenyi, jioni unamfunga daipa saa ngapi?"

"Saa moja."

"Na unambadilisha saa ngapi?"

Winfred aliangalia chini. "Asubuhi. Saa kumi na mbili. Huwa nimechoka, Mutegi. Daipa zinaandikwa zinashika mkojo usiku mzima."

"Zinashika, lakini choo hazishiki. Akienda choo, mbadilishe hapo hapo, hata kama ana usingizi. Na ukimwamkia kumnyonyesha, gusa daipa. Ikiwa nzito, toa. Na ile poda, acha kabisa. Mtoto huivuta puani, ikamdhuru kifua. Ikilowa nayo hujikusanya kwenye mikunjo na kumkwaruza. Unampangusa na nini?"

"Zile waipsi za dukani, tishu zenye unyevu. Zenye harufu nzuri."

"Harufu nzuri ni ya pua yako. Makalio hayana pua."

Winfred alicheka bila kutaka. Ciakuthii naye alicheka, na hapo kifua chake kilifunguka kidogo. Kumbe nyumba hii haikuwa na mkosaji mmoja tu.

Mutegi aliomba maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Alimwosha Kaimenyi taratibu kwa maji matupu, bila sabuni. Aliosha kutoka mbele kwenda nyuma. Kisha hakumsugua. Alimgusagusa kwa kitambaa kikavu, hasa kwenye mikunjo, mpaka pakakauka.

"Sasa mwacheni hivi," alisema.

"Uchi?" aliuliza Ciakuthii.

"Uchi. Hewa ni dawa, na haiuzwi. Kila siku apate nafasi ya kukaa bila nepi, mara mbili au tatu, nusu saa hivi. Weka shuka kuukuu chini. Akikojoa, si ni mkojo tu? Kisha kabla ya kumfunga tena, mpake krimu ya zinki au jeli ya kawaida isiyo na manukato, nzito nzito. Hiyo inazuia mkojo usifike kwenye ngozi. Lakini paka ngozi ikiwa kavu. Ukipaka juu ya unyevu, umefungia unyevu ndani. Na nepi ifungwe kwa ulegevu, vidole vyako viwili vipite kiunoni."

"Nisubiri siku ngapi nione amepona?"

"Angekuwa na wekundu mdogo, ningesema mpe siku mbili tatu. Huyu asisubiri. Mimi si daktari, na kama ni fangasi anahitaji dawa yake. Zahanati iko wazi mpaka saa sita. Nendeni leo. Na msinunue krimu yoyote dukani kwa kuambiwa na jirani. Kuna nyingine zinaharibu ngozi ya mtoto."

Walienda wote wawili. Ciakuthii ndiye aliyembeba, bila sufu na bila nailoni. Muuguzi alimchunguza Kaimenyi, akasema ni fangasi kweli. Akawapa krimu ndogo ya kupaka kidogo asubuhi na jioni kwa siku saba. "Hata akipona siku ya nne, malizeni saba," alisema. "Na mkiona usaha, malengelenge, damu au homa, mrudi mara moja." Ciakuthii alirudia maneno hayo njiani kama anayekariri mstari wa Biblia.

Tangu siku hiyo, nyumba ilibadilika.

Ciakuthii hana saa ya mkono. Ana redio. Redio yake husoma taarifa ya habari kila saa. Basi kila taarifa ilipoanza, alimwita mjukuu, akaingiza kidole kwenye nepi. Ikiwa kavu, alimwachilia. Ikiwa na unyevu, alimbadilisha, hata kama habari zenyewe zilikuwa tamu. Baada ya siku mbili Kaimenyi alizoea. Akisikia ule mlio wa kuanza habari, alikuja mwenyewe akiyumba, akajilaza chali.

Nepi nazo zilikuwa na kisa chao. Mitunguu maji ya mfereji huja kwa zamu, na siku ya zamu migomba hunywa kwanza. Ciakuthii alikuwa akifua kwa sabuni nyingi, akisuuza mara moja ili asimalize maji, na kuzianika ndani, nyuma ya mlango, kama kule kwenye ukungu. Muuguzi alimweleza kuwa sabuni hiyo hubaki kwenye kitambaa na kumchoma mtoto. Sasa alijaza pipa zima siku ya zamu kabla mgomba mmoja haujapata tone.

"Mami, ndizi zitakauka!" alisema Winfred.

"Ndizi hazilii," alijibu.

Alisuuza mara tatu, mpaka maji yakatoka bila povu. Akazianika nje kwenye jua kali la Mitunguu, zikakauka kabla ya saa sita. Kumbe hata joto hili lina kazi yake.

Nusu saa za uchi zilikuwa raha kwa mmoja na taabu kwa mwingine. Kaimenyi alikimbia kati ya migomba, makalio nje, akipiga kelele za furaha. Ciakuthii alimfuata na kitambaa mkononi. Siku ya tatu Kaimenyi alisimama, akamtazama nyanya yake usoni, akakojoa juu ya kiatu chake cha kanisani.

"Mzee wangu!" alilia Ciakuthii. "Miaka arobaini ya ndoa hukunifanyia hivi!"

Siku ya tano, wekundu ulikuwa umeisha. Ngozi ilikuwa laini. Jioni Winfred alimwosha mtoto, na mtoto aliyapiga maji kwa mikono akicheka. Winfred akaitupa ile krimu kwenye kikapu cha taka.

"Amepona. Tusimpake tena."

Ciakuthii aliinama, akaitoa kikapuni, akaipangusa. "Muuguzi alisema saba. Tuna siku mbili."

"Lakini Mami, hana kitu."

"Viazi vikichipua, unaacha kupalilia? Fangasi hujificha. Saba ni saba."

Winfred alimtazama mama mkwe wake. Alimpa mtoto, na Ciakuthii akapaka, kidogo, kwenye ngozi kavu, jinsi alivyofundishwa.

Tarehe moja ilifika. Ilikuwa Jumanne. Ciakuthii aliamka mapema, akakunja nguo zake, akazitia kwenye lile gunia alilokuja nalo na viazi. Hakutaka kubembeleza. Kosa lilikuwa lake, na mtoto ni wa mamake. Alimwosha Kaimenyi kwa maji ya uvuguvugu, akamkausha kwenye mikunjo yote, akampaka jeli isiyo na manukato, akamfunga nepi kwa ulegevu wa vidole viwili. Akambusu kisogoni, mahali ambapo babu yake pia alikuwa na nywele zisizolala. Kisha akamtoa nje kwa mama yake.

"Yuko tayari," alisema.

Winfred alikuwa amesimama mlangoni. Amevaa aproni ya kazi. Mkononi alikuwa na ule mfuko wa kijani.

"Mami, gunia ni la nini?"

"Si leo ni tarehe moja?"

"Ni tarehe moja." Winfred alimpita, akaingia chumbani kwa Ciakuthii. Akauangika mfuko kwenye msumari wake. Aliporudi macho yake yalikuwa yamelowa. "Nilimpigia yule mama juzi. Nilimwambia ampe mtu mwingine hiyo nafasi. Ningekuwa mimi, Mami, ule mkebe ningeuficha. Wewe uliutoa, ukijua vile nimesema. Mtu kama huyo nitampata wapi sokoni?"

Ciakuthii alilia waziwazi, na safari hii hakukuwa na moshi wa kusingizia.

"Na tena," alisema Winfred, akijifuta macho kwa aproni, "mimi nikiwa kazini, huyu mzee wako nani atamsikilizia taarifa ya habari?"

Kama iliyoitwa, redio ikalia kutoka dirishani. Ilikuwa imevikwa ile suruali ya nailoni isiingie vumbi, kwa hiyo sauti yake ilikuwa nzito kidogo. Kaimenyi alisikia. Akajinyonganyonga mpaka akashuka chini, akajilaza chali kwenye mkeka, miguu juu.

Ciakuthii alipiga magoti, akaingiza kidole kwenye nepi.

"Kavu," alisema. "Nenda kazini, mwanangu. Utachelewa."